"Goti Langu Limekwisha Mafuta": Barua Zenu za Mwezi Huu

Mvua ikianza Kisumu, barua za magoti hutoka kama kumbikumbi. Za mgongo na za kisigino nimeziweka kando, zitangoja zamu. Hii ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, maana nikiisoma naona ni barua tano zilizoandikwa na mtu mmoja.

Daktari, salamu nyingi. Nauza mbuta na omena Kibuye, mwaka wa 22 huu. Nina miaka 58 na kilo 88. Goti la kulia linanisumbua mwaka wa nne sasa. Asubuhi linakuwa limekaza, nalikanda kama dakika kumi ndipo linakubali kwenda. Nilipigwa picha, na kijana aliyenisomea akaniambia mifupa inasagana, mafuta yamekwisha, goti hili ni la nyanya wa miaka 80; nisipande ngazi, nisitembee sana. Siku hizi natoka Manyatta hadi sokoni kwa boda, na kwaya nimeiacha kwa sababu kwaya ni kusimama. Binti yangu aliye Nairobi ananitumia vidonge vya kurudisha mafuta ya goti, na supu ya miguu ya ng'ombe nimekunywa mpaka nimeichukia. Mbona ninavyozidi kulipumzisha ndivyo linavyozidi kuuma? Tena linalia kra kra, hata wateja wanasikia. — Mama Mbuta, Kibuye

Mama, kwanza mimi si daktari. Ni fizio, mwaka wa 24 sasa nakunja na kukunjua miguu ya watu. Lakini najua kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, kwa hiyo nimeitika.

Swali lako la mwisho limebeba jibu lake mgongoni. Goti linazidi kuuma kwa sababu unalipumzisha.

Tuanze na hayo mafuta. Ndani ya goti kuna ute, na ute huo hautiwi mara moja mtu akizaliwa ukaisha kama mafuta ya taa. Ngozi laini inayozunguka kiungo kwa ndani inautengeneza kila siku. Na ukiona goti la mtu mwenye ugonjwa huu wako, unaoitwa osteoathritisi, limevimba, mara nyingi ni kwa sababu ute umezidi. Umeona hapo? Watu wanakunywa supu kuongeza kitu ambacho goti limefurika nacho.

Kilicho na shida hasa ni kiungo kizima: gegedu linalofunika ncha za mifupa, mfupa ulio chini yake, ile ngozi ya ndani, na misuli inayoshika yote pamoja. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kwenye ute, na linakipata ukikanyaga na kuachilia, kukanyaga na kuachilia, jinsi sifongo ya kuoshea vyombo inavyotema maji ya jana na kunywa ya leo. Goti la kukaa kwenye stuli kutwa nzima halijapumzishwa, Mama. Limenyimwa chakula.

Na picha je? Picha ya eksirei inaonyesha mifupa. Haionyeshi msuli wa paja, na maumivu haiyaonyeshi kabisa. Nimeshika picha za watu wawili zinazofanana kama mayai, mmoja akiwa ameletwa kwa kiti cha magurudumu na mwenzake akilima ekari yake ya mahindi Kajulu bila kulalamika. Waingereza walipotoa mwongozo wao mpya wa ugonjwa huu mwaka 2022 walisema mtu wa miaka 45 kwenda juu, ambaye kiungo kinamuuma akikitumia, na asubuhi hakikazi kabisa au kinakaza kwa muda usiozidi dakika 30, anaweza kuambiwa ana osteoathritisi bila hata kupigwa picha. Wewe una 58 na dakika zako ni kumi. Ingekuwa saa nzima, na viungo vya vidole vimevimba pia, ningekutuma kwa daktari leo hii, kwa sababu huo ungekuwa ugonjwa mwingine na una dawa zake.

Hiyo kra kra iache ilie. Goti linalolia bila kuuma si habari. Langu la kushoto linalia tangu nilipoacha netiboli, na wanafunzi wangu wanalijua kuliko jina langu.

Yule kijana simlaumu sana. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa yeye.

Mwaka 2004 mama yangu, akiwa na miaka 61, alianza kulalamikia goti. Kwetu ni Ahero, upande wa mashamba ya mpunga, na alikuwa mtu wa kushinda amezama matopeni. Mimi nilikuwa na cheti changu kipya cha chuo, nikaenda nyumbani nikasema kwa sauti ya mtaalamu: "Mama, kaa. Goti limechakaa. Watoto wachote maji." Nikamnunulia na kiti cha plastiki, cha bluu, chenye mikono. Akakaa. Mama yangu alikuwa mtiifu kwa mtu aliyesoma, hata mtu huyo akiwa ni mimi.

Niliporudi Desemba nikamkuta hanywi chai ya jioni. Nikadhani ni sukari imekwisha nyumbani. Kumbe anaogopa kuamka usiku kwenda chooni. Choo chetu kilikuwa cha shimo, na akichuchumaa hawezi kuinuka; mara mbili alikuwa amemwita mjukuu amvute. Nikampandisha leso nilitazame goti. Kando ya pia ya goti kulikuwa na chale, mistari mitatu mieusi huku na mitatu kule, ambayo jirani alimchanja akamsugua dawa. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye niliona yule jirani angalau alilishika goti. Mimi nililitolea hukumu nikarudi mjini. Nikatoa utepe wa fundi cherehani nikapima mapaja. Paja la kulia lilikuwa jembamba kuliko la kushoto kwa sentimita 4. Goti halikuwa na ubaya mpya wowote. Paja ndilo lililokuwa limeondoka, na mimi ndiye niliyelifukuza.

Kwa hiyo tulianza na kiti kilekile cha bluu, na wewe ninataka uanze na kiti.

Kiegemeze ukutani kisiteleze. Kikiwa cha chini, weka blanketi iliyokunjwa juu yake. Urefu ukiongezeka kazi inapungua, na siku zikienda utaiondoa blanketi. Kaa ukingoni, miguu ikiwa na nafasi katikati, visigino vimerudi nyuma kidogo ya magoti. Inama mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo usimame. Wengi wanajaribu kuinuka huku wamenyooka kama askari, na goti linabeba peke yake kazi ambayo makalio yangesaidia. Ukisimama, tulia. Halafu shuka: moja, mbili, tatu. Dawa iko kwenye kushuka. Usijibwage kama gunia la omena linaloteremshwa kwenye lori. Mama yangu alianza na mara tano, mikono ikisukuma kwenye mapaja. Wewe anza na kiasi unachoweza, ufikishe kumi, pumzika, rudia mara mbili au tatu.

La pili unalifanya ukiwa sokoni. Ukikalia stuli, tia pakiti ya chumvi ya nusu kilo kwenye mfuko, ning'iniza juu ya kifundo cha mguu, nyoosha goti polepole, hesabu tano mguu ukiwa hewani, rudisha polepole. Chumvi ikiwa nyepesi hamia sukari ya kilo moja. Sukari ikiwa nyepesi, unga wa kilo 2. Ukifika kwenye unga nitumie picha.

Na hiyo stuli yenyewe ni fupi mno. Nimewaona mama wa samaki wanavyokaa, magoti yamekaribia kidevu, beseni katikati. Iinue kwa kipande cha ubao au uweke godoro dogo juu. Mengine ni ya kupita tu: panda na kushuka kidaraja kifupi huku umeshika nguzo ya kibanda, simama kwa mguu mmoja umeshika meza wakati mteja anabishana bei. Siku tatu kwa wiki fanya haya mazoezi ya nguvu. Siku nyingine tembea. Sikuambii utoke Manyatta kwa miguu kesho. Boda ikushushe Kondele, umalizie mwenyewe. Baada ya wiki mbili ikushushe kabla ya hapo.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wengi hupotelea. Litauma. Siku za kwanza linaweza kuuma zaidi ya ulivyozoea, na utaniita mwongo. Maumivu hayo si goti linalosagika. Ni goti lililolala miaka minne linaamshwa. Tunayapima hivi: sifuri ni hakuna kitu, 10 ni uchungu wa kujifungua kitinda mimba. Ukifanya mazoezi na maumivu yasizidi 2, uko salama kabisa. Yakifika 5 yanavumilika, endelea. Yakizidi 5, punguza: idadi, uzito, au kina cha kukaa. Kisha angalia kesho yake asubuhi. Kama goti limerudi lilipokuwa jana kabla hujaanza, kipimo chako kilikuwa sawa. Kama bado linawaka, mara ijayo punguza. Nimesema punguza. Sikusema acha. Ninao wagonjwa walioacha mara sita na kuanza mara sita, na kila mara walianza upya kutoka chini.

Denmark wana mpango unaoitwa GLA:D, ulioanza 2013. Mgonjwa anapewa kwanza darasa la kumwelewesha ugonjwa wake, halafu vipindi 12 vya mazoezi chini ya msimamizi, viwili kwa wiki kwa wiki 6. Ninaupenda kwa sababu unaanza na maneno. Mtu aliyeambiwa mifupa yake inasagana hawezi kupiga mazoezi kwa moyo. Kila akichuchumaa anasikia kinu. Lazima umtoe kinu kichwani kwanza. Na hesabu hizo wiki 6, Mama. Msuli hauji kwa siku tatu. Wengi huniacha wiki ya pili, wakati faida inaanza kukaribia.

Sitakudanganya pia. Mazoezi hayarudishi gegedu, wala hayakufanyi uwe na miaka 20. Kwa mtu wa kawaida yanapunguza maumivu kwa kiasi kinachokaribiana na cha vidonge, ila hayatoboi tumbo, na yanakurudishia kuinuka, kupanda, kubeba. Inabidi uendelee nayo. Ukiacha, paja linaondoka tena. La mama yangu lilikuwa linaondoka kila alipougua malaria wiki mbili, tukaanza upya.

Vidonge vya binti yako, kama ni vile vya glukosamini, mwongozo uleule wa 2022 unasema visitolewe. Mshukuru, umwambie hela hiyo akununulie jeli ya kupaka ya diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ushauri wa mfamasia, na viatu vya raba vyenye soli nene. Supu kunywa ukiipenda. Umesema umeichukia, basi pumzika.

Uzito umeutaja mwenyewe, la sivyo nisingethubutu. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka 2005 ulipima watu wanene wa miaka 60 na zaidi wenye ugonjwa huu ukaona kila kilo iliyopungua mwilini ilitua goti mzigo wa karibu kilo nne kwa kila hatua. Kwa hiyo usifikirie kilo 30. Fikiria 4, ambazo gotini ni 16. Ugali wako sigusi. Soda ya saa nne na mandazi yake, hapo tunaweza kuongea.

Na kwaya rudi. Mazoezini kaa, kiitikio simama.

Fizio, mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 67, natumia vidonge vya presha. Mwaka huu nimechomwa sindano ndani ya goti mara tatu. Ya kwanza ilinipa miezi miwili ya raha, ya tatu wiki mbili tu. Kila siku nameza diklofenaki mbili. Sasa kliniki moja inataka kuingiza kamera isafishe goti. Natembea na mkongojo upande wa goti bovu. — Mwalimu, Maseno

Mwalimu, shikamoo. Naanza na mkongojo kwa sababu ni bure. Uhamishie mkono wa upande wa pili. Goti bovu likiwa la kulia, mkongojo uwe kushoto, na viende mbele pamoja. Simama wima, mikono ikining'inia. Kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ngazi ukipanda, tanguliza mguu mzima. Ukishuka, tanguliza unaouma.

La pili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko goti lenyewe. Diklofenaki ya kumeza kila siku kwa mtu wa presha, katika umri wako, inapandisha presha, inabana figo, na inaweza kutoboa tumbo bila kugonga hodi. Nenda kwa daktari anayekuandikia dawa za presha wiki hii, ubebe na pakiti, umwonyeshe. Ukiona choo cheusi kama lami, usingoje wiki.

Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, husaidia kwa wiki kadhaa, na mtu akiwa na maumivu yanayomzuia hata kuanza mazoezi, siipingi. Ubaya ni kuifanya mshahara wa kila mwezi. Utafiti uliotoka Marekani 2017 ulichukua watu 140, nusu wakachomwa steroidi kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, nusu wakachomwa maji ya chumvi. Mwishoni maumivu yao hayakutofautiana, ila gegedu la wale wa steroidi lilikuwa limepungua zaidi. Na ile kamera: mwaka 2002 madaktari wa Houston waliwagawa wagonjwa 180, wengine wakasafishwa goti, wengine wakachanjwa ngozi tu wakashonwa bila kujua. Miaka miwili baadaye waliosafishwa hawakuwashinda waliodanganywa. Wewe ni mwalimu, sahihisha mwenyewe.

Upasuaji wa kubadilisha goti zima ni jambo lingine, na kwa aliyejaribu yote bila nafuu unasaidia kweli. Lakini hujajaribu yote. Hujaniambia hata zoezi moja. Soma nilivyomjibu Mama Mbuta, ufanye wiki 12, na hata ukiishia kwenye kisu utaingia ukiwa na paja.

Napakia miwa Mumias, nina miaka 34. Goti limevimba siku tatu, limekuwa jekundu na la moto, natetemeka usiku. Nifanye zoezi gani? — Mpakiaji

Hakuna zoezi. Barua hii ilipofika niliomba wahariri wakupigie simu siku hiyohiyo ili ufike hospitali, kwa sababu goti la namna hii haliwezi kungoja gazeti la mwezi. Naichapisha kwa ajili ya wengine: goti moto, jekundu, lililovimba ghafla pamoja na homa linaweza kuwa na usaha ndani, na usaha unaharibu kiungo kwa siku chache. Hilo ni la daktari, leo, sio kesho baada ya kulikanda na maji moto. Vilevile goti lililoumia kwa kuanguka ukashindwa kabisa kulikanyaga, goti lililokwama lisinyooke, na maumivu yanayokuamsha kila usiku huku unakonda bila sababu.

Dada, mama yangu ana miaka 70, yuko shambani Njoro, magoti yote mawili. Nimemnunulia soksi ya goti ya kubana. Nimemkataza kulima na kuchota maji, nimemwajiria kijana. Nimekosea? — Binti, Section 58, Nakuru

Soksi haijakosea. Inampa joto na inamtia moyo, na Njoro kuna baridi. Asilale nayo, na ikimwachia alama nzito au mguu ukivimba chini yake, inabana mno.

Kijana ndiye ningemtazama tena. Mwache alime sehemu ngumu, lakini mama abaki na kazi yake: kupalilia kwa jembe la mpini mrefu badala ya kuchuchumaa, nusu saa, akae, arudi. Akisema linauma, muulize linauma ngapi kwa kumi na lilikuwa ngapi asubuhi iliyofuata, kabla hujamnyang'anya jembe. Kuhusu maji, ndoo ya lita 20 kwa mkono mmoja inampinda. Mnunulie vidumu viwili vya lita 5, abebe huku kimoja na huku kimoja, aende mara mbili.